John Moses Browning: fundi aliyetafuta namna ya kuzuia bastola isipige bila kuambiwa

Bastola inayobebwa chini ya nguo iko na tatizo moja ambalo bunduki ya begani haina sana. Inakaa karibu na tumbo ao paja la mwenye kuibeba, kutwa nzima, na mara nyingi risasi iko tayari ndani. Inapaswa kupiga mara moja pale mwenyewe anataka, na isipige hata kidogo pale hataki. Mambo haya mawili yanapingana. Fundi akirahisisha moja, anaharibu lingine.

John Moses Browning, Mmarekani aliyezaliwa 1855 na kufa Ubelgiji 1926, alitumia karibu miaka 30 akitafuta namna ya kuyapatanisha. Hapa mashariki mwa Congo wengi wanasikia neno browning na kufikiri ni aina ya silaha tu. Kumbe lilikuwa jina la mtu, baba wa watoto, aliyekuwa anafanya kazi na tupa na nyundo. Maisha yake yanasaidia kuelewa swali ambalo watu wanabishania hata leo: bastola ifungwe kwa kidole gumba cha mwenye kuibeba, ao ijifunge yenyewe kwenye kifyatulio, ile wengi wetu tunaita gashete?

Mtoto wa fundi wa Ogden

John alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 mjini Ogden, katika Utah, magharibi mwa Marekani. Mzee wake, Jonathan Browning, alikuwa fundi wa bunduki na muumini wa kanisa la Wamormoni. Wakati ule kanisa hilo liliruhusu mwanaume kuoa wanawake wengi. Jonathan alioa watatu na kupata watoto 22. Nyumba ilikuwa kubwa, pesa ilikuwa kidogo, na watoto walijifunza kazi kwa kushika vyuma.

Akiwa na miaka kama 10, John aliokota mtutu wa zamani kwenye takataka za kiwanda cha baba yake. Akaufunga kwenye kipande cha ubao, akajaza baruti na vipande vya chuma, akatoka na mdogo wake Matt kuwinda ndege. Bunduki ile haikuwa na gashete wala kifungio chochote. John alilenga, Matt akawasha baruti kwa kijiti chenye moto. Mshindo ukamwangusha John chini, lakini ndege walipatikana na nyumbani wakala nyama. Njo hapo safari yake ilianzia.

Mwaka wa 1879 ulimletea mambo mengi kwa mara moja. Alimuoa Rachel Teresa Child, mzee Jonathan akafariki, na serikali ya Marekani ikampa cheti cha kwanza cha uvumbuzi, kwa bunduki ya risasi moja moja. Yeye na ndugu zake wakaanza kuitengeneza kwa mikono pale Ogden. Mwaka 1883 kampuni kubwa ya Winchester ilimtuma mkubwa wake mmoja kuvuka nchi nzima kwa treni. Alinunua haki za bunduki ile kwa dola 8,000. Kwa familia ya Ogden ilikuwa mali nyingi sana.

Kwa miaka karibu 20 iliyofuata, Browning alivumbua na Winchester akanunua. Mpaka mwisho wa maisha yake alipata vyeti 128 vya uvumbuzi.

Risasi inayojipakia yenyewe

Siku moja mwaka 1889 Browning aliona namna majani marefu yanavyoinama mbele ya bunduki inapopiga. Upepo wa baruti ndio ulikuwa unayasukuma. Akawaza kwamba nguvu ile inapotea bure, wakati inaweza kufanya kazi ya kutoa ganda la risasi iliyopigwa na kuingiza ingine. Kutokana na wazo lile alitengeneza kwanza bunduki ya rashasha, kisha akaingia kwenye bastola.

Hapa njo tatizo la kifungio lilipozaliwa. Bastola ya zamani, ile ya gurudumu la risasi, mara nyingi inapiga kwa kuvuta gashete nzito na ndefu, ama kwa kuinua kwanza nyundo kwa kidole gumba. Uzito ule wenyewe ni ulinzi, sababu si rahisi uvute bila kujua. Lakini bastola inayojipakia, kila ikipiga, inajiandaa yenyewe tena. Risasi mpya inaingia, kitu cha kuipiga kinavutwa nyuma, na gashete inabaki nyepesi. Mtu akiirudisha kiunoni katika hali ile, kitu kidogo tu kinaweza kuleta msiba.

FEU na SUR

Mwaka 1897 mwakilishi wa kiwanda cha FN cha Ubelgiji alikutana na Browning Marekani. Kiwanda hicho kilianzishwa 1889 Herstal, karibu na Liège, kwa kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser. Kazi ile ilikuwa inaisha, na wakubwa wake walikuwa wanatafuta kitu kingine cha kutengeneza. Browning aliwapa bastola ndogo ya milimita 7,65.

Bastola hiyo ilichukuliwa na jeshi la Ubelgiji mwaka 1900 kwa maofisa wake. Upande wa kushoto ilikuwa na kiwiko kidogo cha chuma. Ukikisukuma upande mmoja unaona neno FEU, upande mwingine unaona SUR. Ni maneno ambayo kila mwanafunzi wa Congo anaweza kuyasoma: moto, na salama. Hiki njo kifungio cha mkono. Kazi yake inaeleweka haraka, lakini iko na deni lake. Mwenye bastola anapaswa kukumbuka kukifunga, na siku ya hatari anapaswa kukumbuka kukifungua.

Wakati uleule, kwa kampuni ya Colt ya Marekani, Browning alijaribu njia ingine. Kwenye bastola ya Colt ya 1900, ile alama ya nyuma ya kulenga ndiyo ilikuwa kifungio. Ukiibonyeza chini, inazuia msumari usigonge risasi. Na ikiwa chini, mtu hawezi kulenga vizuri, kwa hiyo anakumbushwa kwamba bastola imefungwa. Wazo lilikuwa la akili, lakini kazini halikupendwa, na baada ya muda mfupi likaachwa. Mkono wenye woga hauna nafasi ya kutafuta kitu kidogo juu ya bastola.

Kifungio kinachoshikwa bila kukumbuka

Njia ya tatu ilikuwa kwenye kishikio chenyewe. Browning aliweka kipande cha chuma nyuma ya kishikio, kinachosukumwa na kiganja. Ukiishika bastola sawasawa, kinaingia ndani na gashete inafanya kazi. Ukiiacha, kinatoka na bastola inafungwa. Mtu hana kitu cha kukumbuka. Bastola ya mfukoni ya Colt ya 1903 ilikuwa nacho pamoja na kiwiko cha kidole gumba. Ile ndogo ya FN ya milimita 6,35, iliyotengenezwa kwa ajili ya mfuko wa kizibao, ilianza na kifungio cha kishikio, kisha kiwiko kikaongezwa.

Mwaka 1902 Browning aligombana na Winchester juu ya bunduki yake mpya ya kuwindia inayojipakia. Hakutaka tena kuuza kwa bei moja na kwisha. Alitaka alipwe kwa kila bunduki itakayouzwa. Winchester walikataa. Akaenda kwa Remington, lakini siku ileile ya miadi, mkubwa wa kampuni alikufa kwa ugonjwa wa moyo kabla hawajaonana. Browning akapanda meli kwa mara ya kwanza kwenda Ubelgiji. FN walikubali, na yeye mwenyewe akaagiza kwao bunduki 10,000 za kuuza Marekani. Toka hapo Herstal ikawa kama nyumba yake ya pili, na mafundi wa pale wakamwita Maître.

Bastola yake ya FN ya 1910 ilikuwa na vifungio vitatu kwa pamoja: kiwiko, kishikio, na kingine kinachozuia isipige kama kisanduku cha masasi kimetolewa. Bastola ya aina hiyo njo ilitumiwa na kijana Gavrilo Princip mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 kumuua mrithi wa kiti cha Austria na mke wake, mauaji yaliyofungulia Vita ya kwanza ya dunia. Vifungio vitatu havikusaidia kitu. Kifungio kinazuia ajali. Hakizuii nia ya mtu.

Mwaka uleule wa 1914, kabla ya vita, FN walifanya sherehe sababu bastola za Browning zilizotoka Herstal zilikuwa zimefikia milioni moja. Ubelgiji ikampa nishani ya Léopold, yenye jina la mfalme wake wa kwanza, baba wa yule Léopold wa pili ambaye Congo inamkumbuka kwa uchungu.

Askari wa farasi na kidole gumba

Bastola iliyomfanya Browning ajulikane zaidi ni ile ya Colt ya 1911. Jeshi la Marekani lilikuwa limepigana Ufilipino na kuona bastola zake hazina nguvu ya kutosha. Likataka yenye risasi kubwa zaidi, karibu milimita 11,5. Majaribio yakachukua miaka. Mwezi wa Machi 1911 bastola ya Browning ilipigwa risasi 6,000 bila kukwama, na tarehe 29 Machi ikakubaliwa.

Jambo lenye mafundisho lilitokea kabla kidogo. Mfano wa 1910 ulikuwa na kifungio cha kishikio, lakini haukuwa na kiwiko cha kidole gumba. Jeshi, hasa upande wa askari wa farasi, likaona ni hatari. Fikiri askari juu ya farasi mwenye woga. Mkono mmoja uko kwenye kamba, mwingine uko na bastola iliyokwisha kupiga na kujiandaa tena. Anataka kuirudisha mfukoni bila kuangalia. Anaishika vizuri, kwa hiyo kifungio cha kishikio kimefunguka. Gashete ikigusa ngozi ya mfuko, inapiga paja lake ama farasi. Njo maana waliomba kiwiko ambacho kidole gumba kinaweza kusukuma juu kabla ya kurudisha. Browning akakiongeza, na bastola ya 1911 ikatoka na vyote viwili.

Hatari yenyewe haikuwa vitani. Ilikuwa pale kazi imekwisha, mtu amechoka, na anarudisha silaha. Zaidi ya miaka 100 baadaye, wanaobeba bastola kiunoni wanakutana na hatari ileile, hata kama hawana farasi.

Kifo kiwandani

Wakati wa vita Browning alitengenezea nchi yake bunduki za rashasha, na baadaye akafanyia kazi ile kubwa ya milimita 12,7, ambayo majeshi mengi yanaitumia mpaka leo. Mwaka 1923 aliomba cheti cha bastola ya mwisho. Jeshi la Ufaransa lilikuwa linatafuta bastola ya masasi mengi, na FN wakampa kazi ile.

Hakuiona ikiisha. Tarehe 26 Novemba 1926 moyo wake ulisimama akiwa kazini kwenye kiwanda cha Herstal, katika atelye ya mtoto wake Val. Alikuwa na miaka 71. Mwili wake ulirudishwa Ogden kuzikwa. Cheti cha bastola ile kilitoka Februari 1927, mwenyewe akiwa kaburini.

Dieudonné Saive, fundi Mbelgiji aliyefanya kazi pamoja naye, aliimalizia. Mwaka 1935 ikatoka kwa jina la Grande Puissance, ama GP35, ya masasi 13 kwenye kisanduku. Ilibaki na kiwiko cha kidole gumba, na pia kile kifungio cha kisanduku kama Wafaransa walivyotaka. Kifungio cha kishikio hakikuwamo tena. Ilitumika katika nchi zaidi ya 50. Herstal ilitengeneza pia bunduki nyingi ambazo askari wa Congo walibeba, wakati wa ukoloni na baada ya uhuru wa 1960.

Kifungio kikahamia kwenye gashete

Mwaka 1982 jeshi la Austria lilichagua bastola mpya ya kampuni ya Glock, yenye mwili wa plastiki ngumu. Haikuwa na kiwiko cha kidole gumba wala kifungio cha kishikio. Katikati ya gashete kulikuwa na ulimi mdogo. Kidole kisipoubonyeza ulimi huo, gashete hairudi nyuma. Ndani kuna vizuizi vingine viwili vinavyofunguka tu gashete inapovutwa, ili bastola ikianguka chini isijipige. Makampuni mengi yakafuata njia hiyo.

Leo Marekani, ambako zaidi ya nusu ya majimbo yanaruhusu mtu mzima kubeba bastola chini ya nguo bila cheti cha kubebea, wanunuzi wanabishana sana juu ya njia hizi mbili.

Wanaopenda kiwiko wanasema kinalinda wakati wa kurudisha bastola kiunoni. Kinasaidia pia mtu mwingine akiinyakua, ama mtoto akiishika, sababu anaweza kushindwa kujua namna ya kuifungua. Ubaya wake ni kwamba kinadai mazoezi. Mtu asiyezoea anaweza kuvuta gashete siku ya hatari na bastola ikakataa. Ubaya mwingine ni kuamini kimefungwa kumbe kiliguswa na nguo kikafunguka.

Wanaopenda kifungio cha gashete wanasema hakuna kitu cha kusahau. Bastola ni sawa kila siku, na ikianguka haipigi. Ubaya wake ni mmoja, lakini ni mkubwa. Kifungio kile hakijui nani anavuta. Kidole cha mwenyewe, kidole cha mtoto, kamba ya koti, ama pindo la shati lililoingia mfukoni, vyote vinaweza kubonyeza ule ulimi pamoja na gashete. Kwa hiyo bastola ya namna hii inadai mfuko mgumu unaofunika gashete yote. Kuiingiza hivi hivi kwenye suruali ama mkoba ni kucheza na maisha.

Ukirudi kwa askari wa farasi wa 1910, unaona kwamba ubishi huu ni uleule. Kifungio kinachofunguka chenyewe kinasaidia mtu anapotaka kupiga. Kifungio cha kidole gumba kinamsaidia anapotaka kuacha. Browning aliweka vyote viwili, na bado hakuna chuma alichotengeneza kilichoweza kuchukua nafasi ya kidole kinachokaa nje ya gashete mpaka shabaha iko wazi.

Kosa moja la kuogopa

Bastola zilizotoka mikononi mwa Browning na Saive ziliwafundisha watu wengi tabia ya hatari bila kutaka. FN 1910 na GP35, kisanduku kikitoka, hazipigi. Lakini ile ya 1911 inapiga, na Glock inapiga, sababu risasi moja inabaki ndani ya mtutu. Mtu aliyezoea aina moja anatoa kisanduku, anasema imekwisha, anavuta gashete mbele ya rafiki, na rafiki anaanguka. Mwenye kazi ya silaha anatoa kisanduku kwanza, kisha anavuta sehemu ya juu nyuma, na anaangalia ndani kwa macho. Kwa mpangilio huo, si kinyume chake.

Kwetu Congo, raia haruhusiwi kubeba bastola bila kibali cha serikali. Lakini silaha ziko nyumbani kwa askari na polisi wenye kibali, na zingine zinaokotwa mashambani baada ya mapigano. Mtoto hajui kiwiko wala ulimi wa gashete, na silaha ya kutu inaweza kuwa bado na risasi. Mkazi anayeona bastola, bunduki ama risasi shambani asiiguse. Aweke alama kwa mbali, awaondoe watoto, na ajulishe viongozi wa mtaa ama polisi. Na mwenye silaha ya kazi, akifika nyumbani, aitoe masasi na kuifungia mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.